Safu ya Kwanza, Miguu Kibla

Juzi, tukisahihisha madaftari ya darasa la tano, mwalimu mwenzangu aliniuliza kama zile siti za ndege zenye nafasi ya miguu zina faida yoyote au watu wanaibiwa mchana kweupe. Anakwenda Maputo mwezi ujao. Alinionyesha simu yake: viti vidogo vimechorwa safu kwa safu, vingi vya buluu, na vichache vya njano vyenye bei yake pembeni. Nikamwambia akamwulize mtu mwingine. Alicheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Mimi nikiona vile viti vya njano damu inanichemka, na wa kulaumiwa ni mama yangu mzazi pamoja na ujinga wangu mwenyewe.

Mama anaishi Quitunda, katika nyumba za matofali walizopewa watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Mimi nafundisha mji wa jirani, Palma. Siku walipomkabidhi ufunguo nilikuwepo. Majirani walikuwa wanagonga kuta kusikiliza uimara wake, wengine wanachungulia choo. Mama alisimama katikati ya chumba cha kulala akauliza kibla kiko wapi. Tukamwonyesha. Akaangalia mahali tulipoweka kitanda, akatikisa kichwa. Miguu yake ingeelekea kibla usiku kucha. Kukigeuza kichwa na miguu haikuwezekana, kwa sababu kichwa kingekuwa mlangoni kabisa, naye hawezi kulala kichwa mlangoni. Ikabidi kitanda kikingamishwe chumba kizima. Mpaka leo ule mlango unafunguka nusu, na shangazi yangu mmoja aliyenenepa humjulia hali akiwa nje.

Kwa hiyo haya nayajua. Nimelelewa nayo. Tulipokuwa wadogo ukinyoosha miguu upande huo ukiwa mkekani ulipigwa kofi la paja kabla hujaambiwa kosa lako. Watu wazima wa kwetu hata neno kaskazini hawalitumii. Kaskazini ni kibla, basi. Nayasema mapema ili mtu asije akafikiri sikuambiwa.

Goti la kulia la mama lilianza kwa maumivu ya kawaida, yale ambayo kila mtu ana dawa yake. Baadaye likawa halikunjiki vizuri, halafu halikunjuki vizuri. Alianza kuswali amekaa kwenye kiti, jambo lililomuuma kuliko goti lenyewe. Daktari wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, akasema upasuaji ufanyike Maputo, na mtu wa hali ile hawezi kwenda kwa gari siku kadhaa. Tukakata tiketi za ndege, mimi na yeye.

Ndipo nilipokutana na viti vya njano kwa mara ya kwanza. Nilimwonyesha.

"Wanauza nini hapo?" akauliza.

"Nafasi, mama. Mbele ya magoti."

"Na ndani ya hiyo nafasi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana ni nafasi."

"Basi wanauza hewa. Mwanangu, hewa ya kununua mimi sijafikia."

Nami nikakubali haraka mno, nakiri. Nilifurahi kuokoa pesa huku nikijiambia kwamba ninamtii mama. Tukapanda siti za kawaida. Abiria wa mbele yake akaegemeza kiti nyuma kabla mawingu hayajaisha, na kile kiti kikakaa juu ya goti lake. Nilimwomba mtu yule akinyanyue, akakinyanyua, akasahau, akakirudisha. Mama hakulalamika. Alikuwa anavuta uradi midomoni, haraka haraka, na jasho linamtoka katika baridi ile ya ndege. Tulipofika Maputo goti lilikuwa limevimba na haliendi mbele wala nyuma. Vijana wawili wa uwanjani walimbeba ngazini, mmoja huku, mmoja kule, na leso yake ikapanda juu mbele ya watu wote. Alijaribu kuivuta chini kwa mkono mmoja. Mkono hakuufikisha.

Mama yangu hata majirani wa miaka mingi hawajawahi kuona muundi wake. Alipowekwa kwenye kiti cha magurudumu aliitengeneza leso polepole, akaniambia bila kuniangalia, "Nikirudi, nitashuka kwa miguu yangu." Usiku wake nililia bafuni kwa jamaa zetu tulikofikia, kwa aibu, na kwa hasira ya vile nilivyookoa zile pesa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ikafuata kazi ya kulifundisha goti upya: kukunja, kukunjua, kutembea na magongo ukumbini, kupanda na kushuka ngazi ya baraza. Mama alifanya mazoezi yale kwa ubishi. Akiambiwa kumi anafanya kumi na tano. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia anaweza kushuka ngazi za ndege mwenyewe iwapo goti litafika salama. Kisha akanigeukia mimi. Njiani mguu usikae umekunjwa kwa muda mrefu, alisema. Unyooshwe, uwe umeegemezwa. Ukivimba tena kama ulivyovimba wakati wa kuja, asikanyage hata hatua moja, na huenda mkalazimika kurudi hapa kuanza mwanzo. Mama alisikia yote.

Safari hii sikumuuliza mtu. Niliazima futi ya fundi nguo nikampima mama kutoka nyongani mpaka kisiginoni akiwa amelala, akidhani nampimia gauni. Nikakaa na simu. Siti za njano zilikuwa za aina mbili. Zile za mlango wa dharura zilikuwa na bei nafuu kidogo, lakini ukizigusa unatakiwa kuthibitisha kwamba abiria ana nguvu za kusaidia kufungua mlango na kuwaokoa wenzake. Nilimwangalia mama na magongo yake, nikaziacha. Zikabaki za safu ya kwanza, mbele kabisa, ambako hakuna kiti cha mtu wa kuegemea nyuma. Mbili, yake na yangu, upande wa kushoto. Bei yake ilikaribia nusu ya tiketi. Nikabonyeza. Nilijisikia mtoto mwema kuliko watoto wote wa mkoa wa Cabo Delgado.

Asubuhi ya safari tulipakiwa wa kwanza. Mama akawekwa dirishani. Aliutazama ule ukuta wa mbele, akaitazama sakafu iliyokuwa wazi, tupu, pana kama mlangoni pa nyumba, akasema, "Hii ndiyo hewa yenyewe?" Nikasema ndiyo. "Nzuri," akasema. Nikanenepa hapo hapo.

Taa ya mikanda ilipozimwa nikatoa mto mdogo niliouficha kwenye mkoba. "Haya mama. Nyoosha."

Hakunyoosha. Alikuwa anatazama madirisha ya upande wa pili, kule kulia, ambako jua la asubuhi lilikuwa linaingia na kuwapiga watu machoni. Akatazama dirisha lake, lenye kivuli. Akatazama ukuta.

"Tunakwenda wapi?"

"Pemba, mama. Nyumbani."

"Nyumbani kuko wapi?"

Nikaelewa. Nilielewa nikiwa nimeshika mto mkononi, na natamani ningeelewa nikiwa nimeshika simu. Kutoka Maputo mpaka kwetu ni kwenda kaskazini tu, pwani juu, pua ya ndege mbele na viti vyote vimeangalia huko. Nilikuwa nimemnunulia mama yangu, kwa bei ya kuumiza, nafasi ya kunyooshea miguu kibla kwa zaidi ya saa mbili.

"Mama," nikasema, "wewe ni mgonjwa. Mgonjwa ana ruhusa."

"Ruhusa ni ya asiyekuwa na njia."

"Wewe una njia gani?"

"Kutonyoosha."

Nikamkumbusha kwamba asiyeweza kukaa wala kulala ubavu huswali chali, na miguu yake huelekezwa huko huko. Tulifundishwa chuoni, kwenye masomo ya Kurani, yeye ndiye aliyenipeleka chuoni. Akasema hiyo ni swala, mtu yuko mbele ya Mola wake, na yeye hapa haswali, amekaa tu anasubiri soda. Nikasema mbona miguu yake imeelekea huko hata sasa. Akasema kukaa ni kukaa na kunyoosha ni kunyoosha, na kama sijui tofauti yake basi watoto ninaowafundisha wana hasara.

Mhudumu alipopita, kijana mmoja mtanashati, nilimuuliza kwa Kireno kama ndege inakwenda kaskazini sawasawa. Alinishangaa. Akasema inainamia mashariki kidogo, nordeste. Nikamgeukia mama kwa furaha. "Umesikia? Si kibla barabara. Imepinda."

"Imepinda kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa viganja, kama ninavyowaonyesha watoto pembe.

"Na wewe unataka nimpimie Mungu kwa rula?"

Hapo nilikasirika kweli. Si hasira ya kucheka nayo baadaye. Nilitamani kuivuta ile miguu kwa nguvu mwenyewe. Nilimwambia kwa sauti ya chini, meno yamefungana, kwamba daktari amesema, kwamba likivimba hatakanyaga ngazi, kwamba watambeba tena kama mara ile, leso juu. Lilinitoka hilo la leso. Mama aliivuta leso yake chini. Akaweka kiganja juu ya bendeji, akakiacha hapo. "Najua," akasema. "Unafikiri mimi sijui?"

Nikaona kwamba anaogopa kuliko mimi, na hatanyoosha. Yote mawili kwa pamoja. Hasira yangu haikupungua, ila ilikosa mtu wa kumwangukia.

Nikafikiria upande. Aegemee dirisha, mgongo wake huko, mguu aulaze juu ya mapaja yangu, utakuwa umeelekea mashariki, baharini, ambako hakuna neno. Nikashika mkono wa kiti ulio kati yetu niunyanyue. Haukunyanyuka. Nikauvuta kwa mikono miwili. Mhudumu akaja mbio akidhani navunja ndege.

"Desculpe, senhora, samahani. Hii ya safu ya kwanza hainyanyuki. Kimeza kiko ndani yake."

"Na siti za nyuma?"

"Za nyuma zote mkono wake unanyanyuka."

Naomba msomaji anielewe hapa. Zote. Kila siti ya bei ya kawaida ndani ya ndege ile, hata ile ya karibu na choo, ilikuwa na kitu alichokihitaji mama yangu. Siti mbili tu za upande wetu hazikuwa nacho, na hizo ndizo nilizolipia zaidi.

Ndege ilikuwa imejaa. Nikasimama, nikaipita safu baada ya safu kama mwalimu wa zamu, nikitafuta watu wawili waliokaa pamoja upande wa kushoto na wanaoweza kukubali. Safu ya tisa walikuwepo wanaume wawili wa kazi za huko kwetu kwenye gesi, nadhani, kwa vile viatu vyao. Mmoja alikuwa mrefu mno. Magoti yake yalikuwa yamepanda mpaka karibu na kidevu. Nilipowaambia kwamba ninawaachia safu ya kwanza, alinitazama kwanza akitafuta udanganyifu uko wapi. Kisha akasimama haraka hata akagonga kichwa.

Tulimhamisha mama polepole, mhudumu mbele, mimi nyuma, abiria wakivuta viwiko vyao. Nilipogeuka kuchukua mto niliwaona wale wawili wamekwisha kukaa. Yule mrefu alikuwa amenyoosha miguu yake yote miwili mpaka ukutani, kibla hasa, amefumba macho, anatabasamu. Pesa zangu zilikuwa zimelala pale na viatu vyao vikubwa.

Katika safu ya tisa mkono wa kiti ulinyanyuka kwa kidole kimoja. Mama akaegemea dirisha, nikamwekea mto mgongoni, nikapiga paja langu. "Haya."

Akasita tena. Nikadhani nitazimia. "Sasa nini?"

"Kumnyooshea mtu mguu ni dharau."

"Mama!"

Akanitazama kwa muda, ananipima. "Basi," akasema, "wewe si mtu. Wewe umetoka humu." Akauinua mguu kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya mapaja yangu, akanyoosha. Akatoa pumzi ndefu ambayo sikujua alikuwa ameizuia tangu Maputo.

Mguu wa mtu mzima ni mzito, nilikuwa sijui. Nilikuwa sijui pia kwamba kisigino cha mama yangu kina ufa mrefu wa upande, wala kwamba kidole chake kidogo kimelala juu ya mwenzake, kama changu. Miaka yote hii nimekaa naye mkekani na miguu yake imefunikwa. Nikaufunika kwa mtandio wangu, nikaushika usiteleze. Magoti yangu mwenyewe yalikuwa yamekwama kwenye kiti cha mbele, na sikuwa na pa kuyapeleka. Abiria wa mbele, kwa kuwa siku yangu ilikuwa hivyo, akaegemeza kiti. Mama alikuwa ameshalala usingizi. Sikumwambia yule mtu kitu, nisije nikamwamsha mama.

Nilikaa hivyo mpaka juu ya Pemba. Sikusogea. Nilipiga hesabu za hasira kichwani, nikailaumu kampuni, nikamlaumu daktari, nikajilaumu mimi. Nilijiuliza kwa nini mtu anayejua vizuri kabisa kitanda cha mama yake kimekingamishwa namna gani anaweza kukaa na futi na simu akapima urefu wa mguu na asifikirie hata mara moja unakoelekea. Nadhani nilikuwa naangalia bei.

Mhudumu alipokuja kutuomba tushushe mguu kwa ajili ya kutua, mama aliamka, akaligusa goti lake kupitia bendeji, akaligusa tena. Lilikuwa kama tulivyoondoka nalo. Akafunga mkanda.

"Na kesho," akasema, "gari litapitia wapi?"

"Awasse, mama. Halafu Mocímboa, halafu nyumbani."

"Mimi nakaa wapi?"

Nilikuwa nimemwekea kiti cha mbele, karibu na dereva, kwa sababu kina nafasi ya miguu. Nilikuwa nimekilipia tayari, kwa simu, siku ile ile niliyolipia ndege. Njia yote ile inakwenda kibla. Nikajifanya naukunja mtandio wangu. Alitabasamu dirishani.

Ndege iliposimama watu wakainuka wote pamoja, kama kawaida yao. Mama akaomba magongo yake. Mhudumu akamshika kiwiko, akamwongoza kwenye ujia, na mimi nikataka kusimama niwafuate. Sikuweza. Mapaja yalikuwa yamekufa ganzi, sasa yanachomwa sindano, na goti langu la kushoto, lililobanwa na kile kiti njia nzima, lilikataa kunyooka. Nilijishika siti ya mbele, nikajivuta, nikakaa tena. Abiria wakanipita. Yule mtu mrefu alirudi kuchukua mkoba wake juu ya safu yetu, amepumzika vizuri, akanipa mkono na kunishukuru.

Nilifika mlangoni nikiwa wa mwisho, nimeshika kila kiti njiani. Mama alikuwa ngazini. Gongo chini, mguu wa upasuaji chini, mguu mzima chini, anapumzika, tena. Leso yake ilikuwa imefika mpaka vifundoni, haikutikisika. Chini walikuwa wanamsubiri vijana wawili na kile kiti cha magurudumu nilichokiagiza. Alikanyaga lami ya Pemba kwa miguu yake miwili, akasimama wima, akakitazama kiti, kisha akageuka akanitazama mimi juu, nimeng'ang'ania mlango.

"Kiti si changu," akawaambia wale vijana. "Kipandisheni. Ni cha mwanangu."

Wakanibeba ngazini, mmoja huku, mmoja kule, mbele ya watu wote. Mama hakusubiri. Alikuwa ameshatangulia na magongo yake kuelekea jengoni, anatembea.